Stefania Belmondo, malkia wa skii wa Italia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila jina la Belmondo linapotajwa, hasa kwa wasomaji waliokua mbali na theluji. Nimeyapanga kuanzia yaliyo mepesi hadi yale yanayozua ubishi. Anayejua tayari mchezo wenyewe na aruke moja kwa moja hadi sehemu ya mbio.

## Mambo ya msingi

Stefania Belmondo ni nani?

Ni bingwa wa Italia wa mbio za nyika za skii. Alizaliwa tarehe 13 Januari 1969, akastaafu mwaka 2002, na katikati ya hapo akajikusanyia medali 10 za Olimpiki na medali 13 za mashindano ya dunia. Alishinda dhahabu ya Olimpiki mara mbili, na kati ya ile ya kwanza na ya pili ilipita karibu miaka 10.

Mimi naona miaka hiyo 10 ndiyo habari yenyewe. Watu wengi humjua kwa idadi ya medali. Lakini mtu anayeshika dhahabu akiwa na miaka 23, akaumia mguu, akaambiwa aache, akawa wa pili tena na tena, kisha akarudi kileleni akiwa na miaka 33, huyo idadi peke yake haimwelezi.

Mbio za nyika za skii ndizo zipi? Si zile za kuporomoka mlimani?

Hapana. Wanaoporomoka mlimani kwa kasi wakikwepa milingoti hushiriki mchezo mwingine, unaoitwa skii za milimani. Mbio za nyika za skii ni mbio za masafa: mkimbiaji hupanda kwa nguvu zake, hushuka na huvuka tambarare, akiwa na skii ndefu nyembamba miguuni na fimbo moja kila mkono. Kisigino hakifungwi kwenye skii, ni ncha ya kiatu tu inayoshikwa, ndiyo maana anaweza kupiga hatua.

Anayefahamu mbio za mita 10,000 au marathoni ataelewa upesi: kinachotakiwa ni pumzi, moyo na uvumilivu. Tofauti ni kwamba hapa mikono nayo hufanya kazi sawa na miguu. Ndiyo sababu wanaomaliza huanguka kwenye theluji wakihema, hata waliomaliza wa kwanza.

Mtindo wa klasiki na mtindo huru vinatofautianaje?

Katika mtindo wa klasiki, skii hukaa sambamba ndani ya mifuo miwili iliyochongwa kwenye theluji, na mkimbiaji husonga mguu mmoja baada ya mwingine, kama anayetembea kwa haraka sana. Chini ya skii, sehemu ya katikati, hupakwa nta inayonata ili asirudi nyuma anapopanda. Nta isiyolingana na hali ya theluji ya siku hiyo inaweza kummaliza mtu kabla hata hajaanza.

Katika mtindo huru, mkimbiaji husukuma skii kando kwa umbo la V, kama anayeteleza kwa viatu vya magurudumu. Una kasi zaidi. Belmondo alipata medali katika mitindo yote miwili, ila dhahabu zake zote mbili za Olimpiki zilitoka kwenye mtindo huru.

Anatoka wapi hasa?

Anatoka bonde la mto Stura, mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Ni sehemu ya jimbo la Cuneo, na ukilifuata bonde hadi mwisho unavuka mpaka na kuingia Ufaransa. Alizaliwa Vinadio. Vijiji vya huko ni vidogo, majira ya baridi ni marefu, na mtoto hujifunza skii mapema mno.

Hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu wakimbiaji wengi wa skii wa Italia wametoka upande wa pili wa nchi, mashariki, kwenye mabonde ya Trentino, Veneto na Friuli. Belmondo alikuja kutoka kona ambayo haikuwa kitovu cha mchezo huu.

Alilipwa na nani? Mchezo huu una pesa?

Ukilinganisha na soka, pesa zake ni chache. Italia ina utaratibu wa kuwaajiri wanamichezo wa majira ya baridi katika vyombo vya dola: polisi, jeshi, walinzi wa fedha. Belmondo aliajiriwa na Corpo Forestale dello Stato, kikosi cha serikali cha kulinda misitu, na alishindana chini ya timu yake ya michezo. Mwaka 2017 kikosi hicho kiliunganishwa na Carabinieri, polisi wa kijeshi wa Italia. Msomaji wa Kenya au Tanzania hatashangaa, maana wanariadha wetu wengi nao wamekimbia wakiwa askari polisi, magereza au jeshini.

## Medali na hesabu zake

Ana medali ngapi za Olimpiki, na alizipata wapi?

Ni 10: dhahabu 2, fedha 3 na shaba 5, katika Michezo minne ya Olimpiki. Alikuwepo pia Calgary mwaka 1988, akiwa kijana wa miaka 19, na hakupata kitu.

Mwaka 1992, Albertville nchini Ufaransa, alitwaa dhahabu ya kilomita 30, fedha ya mbio za kufukuzana (kila mtu huondoka kwa tofauti ya muda aliyoipata katika mbio zilizotangulia) na shaba ya kupokezana. Mwaka 1994, Lillehammer nchini Norwei, shaba mbili, moja ya kufukuzana na moja ya kupokezana. Mwaka 1998, Nagano nchini Japani, fedha ya kilomita 30 nyuma ya Mrusi Yuliya Chepalova, na shaba nyingine ya kupokezana. Mwaka 2002, Salt Lake City nchini Marekani, dhahabu ya kilomita 15, fedha ya kilomita 30 na shaba ya kilomita 10.

Mbona mahali pengine nasoma medali 9?

Umesoma maandishi ya zamani. Michezo ya 2002 ilipokwisha, Belmondo alikuwa na medali 9, kwa sababu katika kilomita 10 alimaliza wa nne. Aliyemaliza wa pili, Mrusi Olga Danilova, baadaye alinyang'anywa matokeo yake kwa sababu ya dawa zilizopigwa marufuku. Chepalova akapanda hadi fedha, na Belmondo akapewa shaba. Maelezo ya kesi yenyewe yako kwenye swali la Lazutina na Danilova, hapo chini.

Kwa hiyo vitabu na makala za 2002 hazikukosea. Zilichapwa kabla ya haki kupatikana.

Na katika mashindano ya dunia?

Medali 13, nne zikiwa dhahabu. Mbili alizipata Falun, Uswidi, mwaka 1993: mbio za kufukuzana na kilomita 30. Mbili nyingine Ramsau, Austria, mwaka 1999: kufukuzana tena, na kilomita 15. Zilizobaki ni fedha 7 na shaba 2.

Angalia tarehe hizo: 1993 na 1999. Kati yake hakuna dhahabu hata moja, ya dunia wala ya Olimpiki. Sababu iko kwenye swali la jeraha.

Aliwahi kutwaa Kombe la Dunia kwa jumla?

Hapana. Alishinda mbio 23 za Kombe la Dunia, lakini hakumaliza msimu wowote akiwa wa kwanza kwa pointi. Mwanamke wa Italia aliyefanya hivyo baada yake ni Gabriella Paruzzi, msimu wa 2003/04.

Bado ndiye Mwitalia mwanamke mwenye medali nyingi za majira ya baridi?

La. Arianna Fontana, anayekimbia kwa viatu vya barafu kwenye njia fupi, alifikisha medali 11 huko Beijing mwaka 2022 na kumpita. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, namba 10 ilikuwa ya Belmondo peke yake.

## Mbio zenyewe

Dhahabu ya 1992 ilipatikanaje?

Ilikuwa tarehe 21 Februari 1992, huko Les Saisies, mahali palipochezewa mbio za skii za Michezo ya Albertville. Kilomita 30 kwa wanawake zilikuwa zinakimbiwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Kabla ya hapo mbio ndefu zaidi kwao ilikuwa kilomita 20. Wakimbiaji waliondoka mmoja mmoja, kwa hiyo kila mtu alipambana na saa.

Siku zilizotangulia zilikuwa za wanawake wa kutoka iliyokuwa Umoja wa Kisovyeti, Lyubov Yegorova na Yelena Välbe wakiwa mbele. Belmondo, mfupi na mwembamba, alimaliza kwa saa 1, dakika 22 na sekunde 30, karibu sekunde 22 mbele ya Yegorova. Välbe akawa wa tatu. Hapo akawa mwanamke wa kwanza wa Italia kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio za nyika za skii.

Jeraha lake lilikuwa lipi? Kweli lilimtoa mchezoni?

Kidole gumba cha mguu. Mtu asiyejua anaweza kuuliza: kidole tu? Lakini rudi kwenye maelezo ya viatu hapo juu. Mkimbiaji wa skii ameunganishwa na skii yake kwa ncha ya kiatu, na kila msukumo, maelfu kwa maelfu katika mbio moja, humalizikia kwenye kidole hicho. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Alifanyiwa upasuaji baada ya msimu wake mzuri wa 1993, mambo hayakwenda sawa, ikabidi arudi tena kwa madaktari, na akashauriwa aache mbio. Hakuacha. Hata hizo shaba mbili za Lillehammer alizipata katika kipindi hicho cha maumivu, na mimi nazihesabu kuwa miongoni mwa medali zake nzito zaidi, ingawa ndizo zinazosahaulika kwanza.

Ni kweli alishika nafasi ya pili mara nne katika mashindano mamoja?

Kweli. Trondheim, Norwei, mwaka 1997. Kulikuwa na mbio nne za mtu mmoja mmoja, na katika zote nne Belmondo alipata fedha. Katika zote nne dhahabu ilikwenda kwa Välbe, ambaye aliongeza na ya kupokezana akawa na dhahabu tano kati ya tano. Katika mbio za kufukuzana walifika kwenye mstari pamoja kiasi kwamba picha ndiyo iliyoamua.

Kuna wanaoyaita haya bahati mbaya. Mimi nayaona kwa namna nyingine. Kilomita 5 na kilomita 30, klasiki na huru: kuwa wa pili katika kila aina ya mbio ndani ya mashindano mamoja maana yake hakuna aina iliyomshinda. Kilichokuwepo ni mtu mmoja tu aliyekuwa mbele yake wiki ile. Na miaka miwili baadaye, Ramsau, alirudi na dhahabu mbili.

Hadithi ya fimbo iliyovunjika ni ipi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili.

Ni tarehe 9 Februari 2002, Soldier Hollow, jimbo la Utah, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kilomita 15, mtindo huru, wote wakianza kwa pamoja. Dhahabu ya mbio hizi ndiyo ilikuwa ya kwanza kutolewa katika Michezo ile. Belmondo ana miaka 33 na yumo katika kundi la mbele.

Theluthi mbili ya njia ikiwa imekwisha, fimbo yake ikavunjika. Katika mtindo huru hili ni balaa, kwa sababu kila msukumo wa miguu hubebwa na msukumo wa mikono. Ukibaki na fimbo moja unayumba, na wenzako hawakusubiri. Kundi likamwacha. Mtu wa timu ya Ufaransa aliyekuwa kando ya njia akampa fimbo, lakini urefu wake haukumfaa, akaendelea nayo hivyo hivyo kwa sababu hakuna namna. Mbele kidogo watu wa Italia wakampa fimbo ya kipimo chake.

Akaanza kufukuza. Wakati wenzake wakihifadhi nguvu kwa ajili ya mwisho, yeye alikuwa anazimaliza zake kuwafikia. Aliwafikia. Na badala ya kupumua nyuma ya migongo yao, alibaki kwenye vita hadi mita za mwisho, akamshinda Mrusi Larissa Lazutina kwa sekunde 1.8. Muda wake ulikuwa dakika 39 na sekunde 54.4. Mcheki Kateřina Neumannová alikuwa wa tatu.

Kupewa fimbo na timu nyingine si kuvunja kanuni?

La. Kanuni za mbio za nyika za skii zinaruhusu kubadilisha fimbo ukiwa njiani, na hazimbagui anayekupa. Makocha husimama pembeni na fimbo za akiba kwa ajili hiyo. Skii ndizo zenye masharti makali zaidi: haziruhusiwi kubadilishwa ovyo.

Kwamba aliyenyoosha mkono kwanza hakuwa Mwitalia ni jambo la kawaida katika mchezo huu, na ni zuri.

## Wapinzani na wenzake

Uhusiano wake na Manuela Di Centa ulikuwaje?

Manuela Di Centa alikuwa bingwa mwingine mkubwa wa Italia, mkubwa kwa Belmondo kwa miaka sita, kutoka upande wa pili wa nchi. Walikuwa wapinzani wa kweli, na magazeti ya Italia yaliandika mno juu ya ubaridi kati yao. Mwaka 1992 Belmondo aling'ara. Mwaka 1994 Belmondo akiwa na mguu mbovu, Di Centa akaondoka Lillehammer na medali tano, mbili zikiwa dhahabu. Katika kilomita 30 za Falun mwaka 1993, Belmondo alikuwa wa kwanza na Di Centa wa pili.

Lakini katika timu ya kupokezana walikimbia pamoja, na shaba za 1992, 1994 na 1998 ni za wote wawili. Sioni haja ya kuchagua upande. Italia haijawahi kuwa na wanawake wawili wa kiwango kile kwa wakati mmoja, na kila mmoja alimlazimisha mwenzake asilale.

Kilitokea nini kwa Lazutina na Danilova?

Wakati wa Michezo ya Salt Lake City, vipimo viliwakuta Lazutina na Danilova na darbepoetini, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu ili mwili ubebe oksijeni nyingi zaidi. Johann Mühlegg, Mjerumani aliyekuwa akiichezea Hispania, alikutwa na dawa hiyo hiyo. Siku ya mbio za kupokezana, damu ya Lazutina ilikuwa na kiwango cha himoglobini kilichozidi, na timu nzima ya Urusi haikuanza.

Kwanza walinyang'anywa matokeo ya mbio za mwisho tu. Lazutina alikuwa amemaliza wa kwanza katika kilomita 30. Dhahabu ikaenda kwa Gabriella Paruzzi na fedha kwa Belmondo, Waitalia wawili juu ya jukwaa moja. Matokeo mengine ya Warusi hao yalifutwa baadaye, baada ya kesi ndefu iliyofika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Ndivyo ilivyopatikana ile medali ya 10, kama nilivyoeleza kwenye swali la medali 9.

Kilomita 15 za fimbo iliyovunjika hazikubadilika kwa Belmondo, maana alikuwa amemshinda Lazutina palepale, theluji ikishuhudia.

## Maswali ya pembeni

Ni yeye aliyewasha moto wa Olimpiki Torino?

Ndiye. Tarehe 10 Februari 2006, kwenye ufunguzi, alipokea mwenge kutoka kwa Deborah Compagnoni, bingwa wa skii za milimani, akauwasha moto mkuu. Torino ni makao makuu ya Piemonte, mkoa wake, kwa hiyo alikuwa nyumbani kweli.

Wengine huchanganya tukio hili na lile la kufunga Michezo hiyo hiyo, ambapo Manuela Di Centa alimvisha dhahabu ya kilomita 50 mdogo wake, Giorgio. Ni matukio mawili tofauti.

Kuna Mwafrika Mashariki aliyeshiriki mchezo huu enzi zake?

Yupo, na wengi wanamkumbuka: Philip Boit wa Kenya. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akapelekwa Ufini kujifunza skii, na mwaka 1998 akashiriki kilomita 10 za klasiki huko Nagano, kwenye njia zile zile za Hakuba ambako Belmondo alipata fedha yake. Boit alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, ambaye alimsubiri kwenye mstari na kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Alirudi tena mwaka 2002 na 2006, kwa hiyo alikuwepo Soldier Hollow pia.

Medali yake ya kwanza kubwa ni ipi?

Mashindano ya dunia ya 1991, Val di Fiemme, nyumbani Italia: fedha ya kupokezana na shaba ya kilomita 15. Bonde hilo hilo ndilo lililopewa mbio za nyika za skii za Olimpiki ya Milano na Cortina mwaka 2026.

Nikitaka kutazama mbio zake moja tu, nianze na ipi?

Soldier Hollow 2002, bila kusita. Ila usiruke hadi mwisho. Anza kutazama pale fimbo inapovunjika, kisha mfuate yeye tu, hata kamera inapowaonyesha walioongoza. Tazama mikono yake akiwa na ile fimbo isiyomfaa: haachi kusukuma hata mara moja.